Makofi Saba Kwenye Grafu ya Dada

Nianze na upumbavu wangu, maana nyumbani kwetu usipoutaja mwenyewe utatajiwa, na kwa sauti. Siku tisa za shule mfululizo, kila nikirudi saa kumi jioni, nilipanda juu ya zege la paa letu, nikasimama mbele ya kifaa cha dada kilichokuwa kimelala chali kikitazama mbinguni, nikakipigia makofi. Si makofi ya sauti, kifaa hakina masikio. Nilikifunika kwa kiganja sekunde mbili, nikakifunua sekunde mbili, nikakifunika tena. Mara tatu, napumzika kidogo. Mara tatu tena, napumzika. Halafu moja refu la kumalizia. Ni yale yale makofi tuliyokuwa tunapiga shule ya msingi mwalimu akisema, "Mpongezeni mwenzenu." Saba kamili. Baada ya hapo naanua nguo zilizokauka, nateremka, nakula.

Sababu ya maana sikuwa nayo. Siku ya kwanza dada alinionyesha kwamba kiganja changu kikipita mbele ya kile kifaa, mstari kwenye kompyuta yake unaruka juu kama paka aliyekanyagwa mkia. Alinionyesha mara moja, kwa fahari, akafunga kompyuta, akaenda chuo. Mie nikabaki na wazo. Nikajisemea, akija kuangalia ataona mbingu imepigiwa makofi, atacheka, atanitukana kidogo, yataisha. Sikujua kama hataangalia mpaka wiki mbili zipite.

Dada amenizidi miaka saba. Yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi. Nyumbani tuko watatu tu: yeye, mie wa kidato cha tatu, na mama, ambaye ni fundi cherehani na ofisi yake ni baraza letu hapa hapa Tabata. Baba yuko Lindi na korosho zake. Kwenye habari hii hayumo, na siku aliposimuliwa kwa simu alisema tu, "Mpe mama yako hiyo simu."

Kifaa chenyewe usingekiokota njiani. Ni kiboksi cha aluminiamu, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, kina tundu moja mbele, na ndani ya tundu kuna vidoa vinne vyeusi. Hivyo vidoa ndivyo vihisi. Dada alivipaka ule weusi mwenyewe, tabaka kwa tabaka, kwa miezi, na kila tabaka likikosewa alilikwangua akaanza upya, huku mie nikiambiwa nisipumue karibu.

"Kila kitu chenye joto kinatoa mwanga," aliniambia.

"Hata mie?"

"Hata wewe. Ingawa darasani kwenu nasikia hauonekani."

Mwanga wenyewe jicho haliwezi kuuona, mawimbi yake ni marefu mno. Infraredi ya mbali, ndivyo wanavyouita. Joto la mtu, la ukuta, la sufuria iliyoanza kupoa, la dunia nzima ukiiangalia kutoka juu, yote yanatoka kwa mawimbi hayo hayo. Setilaiti ikishafika huko juu haijui chini ni wapi, kwa sababu huko hakuna chini. Ukiifunga vihisi vya namna hii pembeni, upande wenye joto ndio dunia, upande wa baridi kali ndio anga tupu, basi inajua pa kugeukia. Kazi ya kifaa cha dada ilikuwa hiyo tu: kuiambia setilaiti nyumbani ni upande gani.

Tundu likawa na shida yake. Lazima lifunikwe, vumbi lisiingie, lakini kioo cha kawaida kwa mawimbi hayo ni sawa na ukuta. Nilijaribu mwenyewe. Niliweka kipande cha kioo cha dirisha katikati yangu na kifaa, nikakikodolea macho, nikakitolea ulimi, hakikuniona kabisa. Nje watu wanatumia kioo maalumu cha bei ambayo dada aliitaja mara moja akanyamaza. Yeye akapita madukani kununua kila aina ya nailoni, akaipima moja moja, na iliyoshinda ikawa ile nyembamba isiyo na rangi ya kufungia barafu za watoto. Mangi wa dukani akamuuliza, "Sista, mmeanza kuuza barafu?" Dada akamjibu, "Hapana, tunaangalia anga." Mangi akampa pakiti yake na hakuuliza tena.

Sasa ishu ilikuwa hivi. Chuo chao kinatengeneza setilaiti ndogo na wenzao wa nje, na ndani yake kuna nafasi moja ya kihisi cha namna hiyo. Moja. Vilivyogombania ni viwili: cha dada, na kingine kilichoagizwa, kipya, kimekuja na boksi lake na vyeti vyake. Jopo la walimu na wahandisi lingekaa Jumatano fulani kuamua. Mwalimu anayemsimamia dada alimpa sharti: kifaa kitazame anga wiki tatu, mchana na usiku, na kila kinachopanda na kila kinachoshuka kwenye grafu kiwe na maelezo. Kisichoelezeka kikibaki hata kimoja, jopo litachukua cha kwenye boksi, na yeye mwenyewe mwalimu hatawalaumu.

Juu ya majengo ya chuo kumejaa mashine za viyoyozi zinazopuliza joto. Nyumbani kwetu juu kuna tenki la maji, kamba za nguo, na nondo zilizosimama zikisubiri ghorofa ambayo baba aliianza kabla sijazaliwa. Dada akachagua kwetu. Mchana anga likiwa jeupe kifaa kiliona baridi, wingu likipita kiliona joto. Alikuwaga analalamika kwamba mbingu ya Dar ina jasho, mvuke mwingi, haifikii ubaridi anaousoma kwenye vitabu. Lakini ndiyo mbingu aliyokuwa nayo.

Jumamosi ya mwisho wa wiki ya pili akatoa kadi ya kumbukumbu, akaiweka kwenye kompyuta, akakaa mezani. Mie nilikuwa nakula wali na mchicha. Mama alikuwa anapasua vitenge pembeni.

"Mama, njoo uone. Kuna kitu kinapumua humu ndani."

"Kinapumua? Hicho kidude?"

"Saa kumi kila siku. Mstari unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Angalia. Saba. Na kesho yake tena saba."

Mama akavaa miwani, akaangalia. "Mbona hapa hakuna?"

"Hizo ni Jumamosi na Jumapili. Wikiendi hakifanyi."

"Kumbe kimeajiriwa serikalini," mama akasema, akarudi kwenye vitenge vyake.

Hapo ndipo ilipotakiwa niseme. Maneno matatu tu: ni mie, sista. Niliyapima mdomoni pamoja na mchicha. Lakini mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimebadilisha mlio wa simu yake ukawa mbuzi anayelia, ikaita akiwa mbele ya mwalimu wake, na kesi hiyo ilikuwa bado haijafungwa. Pia dada hakuwa na uso wa mtu wa kuchekeshwa. Nikameza vyote viwili.

Mtu mwenye akili zake akiona kitu kinachotokea siku za kazi tu anatafuta mfanyakazi. Dada akamtafuta. Nyuma ya nyumba yetu kuna fundi wa mageti, anachomelea siku nzima, na mashine yake ikianza hata redio ya mama inakwaruza. Dada akaenda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, saa kumi jioni huwa unachomelea sana?"

"Saa kumi? Saa kumi mie niko msikitini, naswali Alasiri. Kwani umeona nini?"

Akarudi nyumbani na sura ndefu. Jumatatu akakipeleka kifaa kwa mwalimu wake asubuhi, akakirudisha mchana, akakipandisha juu, saa kumi ikapita, hakuna kitu. Hajagusa hata waya mmoja. Mie nilikuwa nimeshaacha, naona aibu hata kumaliza ngazi. Jumanne hakuna kitu. Jumatano akakifungua hata hivyo, akachomelea nyaya zote upya kwa risasi ya kuyeyusha kwenye meza ya jikoni, akaungua kidole cha shahada, akakipandisha tena. Hakuna kitu.

Mie nilidhani nimemsaidia. Ukiacha ubaya si umetenda wema? Kumbe nimezidi kumharibia. Mwalimu wake alimwambia hivi, na dada alitusimulia akiwa amesimama mlangoni bado na begi mgongoni: kitu kikiharibika ukakitengeneza, sawa, unajua ulichotengeneza. Kikipona chenyewe kabla hujakigusa, hicho hakuna atakayekufungia kwenye setilaiti, maana kule hakuna fundi wa kumwita.

Jumapili mchana, siku tatu kabla ya jopo, dada alikaa mezani na kompyuta na karatasi ya grafu aliyoichapisha steshenari. Alikuwa anaandika barua. Akasema, "Mama, nisikilize kama imekaa vizuri," akaanza kusoma.

"Naomba kukiondoa kihisi changu kwenye mchujo, kwa kuwa nimeshindwa kueleza mabadiliko yanayojirudia..."

Mama akasimamisha cherehani. Mama hasimamishi cherehani kwa ajili ya mtu, hata mjumbe wa nyumba kumi huongea huku mashine inakwenda.

"Miezi yote ile?" akauliza.

"Nifanyeje, mama? Sina maelezo."

Mie nilikuwa kwenye ncha ya meza na daftari la Jiografia. Nilitaka kusema, mdomo ukagoma. Mkono haukugoma. Nikagonga meza. Pa pa pa. Nikapumzika. Pa pa pa. Nikapumzika. Pa.

"Acha kelele," mama akasema.

Dada aliangalia karatasi. Aliweka kidole kwenye kilima cha kwanza.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kidole kikapita juu ya vilima kwa mpigo wangu mpaka kile kirefu cha mwisho, na hakikubaki kilima wala pigo.

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Kwa kiganja?"

"Kwa kiganja."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakipongeza."

Nilitarajia kelele. Dada aliinamisha kichwa juu ya kompyuta, akakaa hivyo muda ambao ningeweza kumaliza swali moja la Jiografia, na nilipodhani analia akainuka, macho makavu, akafuta ile barua herufi kwa herufi, akishikilia kitufe kimoja mpaka karatasi ikawa nyeupe.

"Nimeenda kumsumbua mzee wa watu kwenye mageti yake," alisema. "Nimeunguza kidole. Wewe."

"Lete simu," mama akasema. Nikaleta. Akaitia kwenye droo ya cherehani, kwenye bobini na chaki, akageuza ufunguo, akautia ufunguo kwenye kanga. Hayo ya kwangu yaliishia hapo, kwa muda.

Maana kitu cha ajabu kikatokea. Dada alipoyaondoa makofi yangu kwenye grafu, siku tisa, kila siku chini ya dakika moja, akabaki na mstari ambao ungetakiwa kuwa safi. Haukuwa safi. Kwa wiki tatu mbingu ilikuwa inapata joto. Si kidogo kidogo kama maji jikoni, hapana. Ilikuwa inapanda ngazi. Imekaa sawa siku kadhaa, halafu inapanda hatua, inakaa hapo hapo, halafu hatua nyingine. Mwanzoni alidhani ni vuli inakaribia, mvuke umeongezeka. Lakini mvuke unapanda na kushuka, haupandi ngazi. Na kwenye kila hatua, akikuza picha, kulikuwa na kilima kidogo chembamba, kama kitu cha moto kimepita upesi mbele ya tundu kikaondoka.

Dada akanigeukia. Mama naye akanigeukia.

"Hizo si zangu," nikasema.

"Zako ni zipi?"

"Zangu ni zile saba saba. Hizi sizijui."

"Mtu anayeungama nusu ndio mbaya kuliko wote," mama akasema. "Ulibeba nini huko juu? Kiberiti? Mshumaa?"

"Mama, wallahi sijabeba kitu."

"Usiape. Wewe mkubwa, hizo hatua ni saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Saa nne mie niko shule!" nikasema. Niliona nimepona.

"Ndio kusema hukwenda shule," mama akasema, bila kupumzika. "Siku zipi? Mtajie siku, atuambie alikuwa wapi."

Dada akasoma kwenye skrini. Alhamisi. Ijumaa. Alhamisi. Ijumaa. Alhamisi. Ijumaa. Hatua sita, wiki tatu.

"Alhamisi saa nne?" mama akanikazia macho. "Ulikuwa kwenye vibanda vya gemu."

"Alhamisi saa nne tulikuwa na jaribio la Fizikia. Nimepata kumi na nane kwa hamsini. Mtu akitoroka jaribio hapati kumi na nane, anapata sifuri."

Hiyo iliwagusa wote wawili. Kumi na nane si maksi ya mtu anayejitengenezea ushahidi. Dada akanyanyuka, akapanda juu, akarudi na kifaa mkononi. Akakiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Ile nailoni ya barafu, iliyokuwa haionekani, sasa ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa sana. Akaigusa kwa ukucha. Ikanatanata. Akainusa, akaniletea puani.

Mtu yeyote aliyelala nyumba yetu hata usiku mmoja angeijua harufu ile. Nikamwangalia mama. Dada naye akamwangalia mama.

"Mama," nikasema kwa adabu ambayo sijawahi kuitumia kabla wala baada, "Alhamisi na Ijumaa saa nne unakuwaga wapi?"

"Mimi? Niko hapa hapa. Nafukiza nyumba."

"Mpaka juu?"

"Juu si nyumba?"

Dada akavuta kiti akakaa. "Ulikifukiza na hiki, mama?"

Mama alitengeneza kanga kichwani. "Jirani ameuliza mara tatu. Mara, mwanao anaweka nini huko juu. Mara, nasikia anapeleka kitu angani. Mara, na wazungu wanamlipa? Maneno gani hayo? Nikachukua chetezo, nikatia ubani, nikapanda, nikakizungushia mara saba, nikakisomea. Hicho kitu kinakaa peke yake siku nzima, kila mwenye jicho anakiona. Ningekiacha hivi hivi?"

Mie nilitamani kucheka na sikucheka, na niandike hapa kwamba ilinigharimu nguvu. Mara saba. Mie makofi saba, yeye chetezo mara saba, na kifaa kimeandika vyote bila kubagua. Kile kilima chembamba kilikuwa ni makaa yakipita upesi, mizunguko yote saba imeungana. Ile hatua ilikuwa ni utomvu wa moshi ulioganda kwenye nailoni. Nailoni ikishakuwa na utando haipitishi ubaridi wa mbingu vizuri, inaanza kutoa joto lake yenyewe, na vihisi nyuma yake vinadhani mbingu ndiyo imepata moto. Hayo alinieleza dada baadaye. Wakati ule alikuwa amekishika kifaa mapajani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wageni.

"Kimeharibika?" mama akauliza.

"Nailoni tu, mama. Inabadilishwa."

"Basi badilisha."

"Nikibadilisha nitasema nini juu ya hizi ngazi?"

Mama akarudi kwenye cherehani. Alikanyaga mashine kwa kasi. Jioni tuligundua ameshona mkono wa kulia wa gauni la mteja ndani nje, akaufumua kimya kimya, na sikuambiwa nilete wembe, aliufuata mwenyewe.

Dada alimpigia mwalimu wake palepale uani. Alimweleza yote, ya kwangu na ya mama, na niliposikia anasema "mdogo wangu alikuwa anakipigia makofi" nilijificha bafuni, ingawa nyumba yetu ukijificha bafuni ndiyo unasikia vizuri zaidi. Mwalimu alicheka mpaka simu ikawa inatoa mlio. Kisha akaacha kucheka. Akamuuliza ile nailoni chafu iko wapi. Dada akasema bado iko kwenye kifaa. "Usiitupe," akamwambia. "Usiiguse tena na ukucha wako."

Kumbe huko angani nako kuna moshi, wa namna yake. Gundi, rangi, nyaya, vyote vikifika sehemu isiyo na hewa vinatoa mvuke taratibu, na mvuke huo unatafuta mahali pa baridi pa kutua, na mahali pa baridi ni kwenye madirisha ya vihisi kama hivi. Setilaiti za watu wakubwa zimeshapofuka polepole namna hiyo. Mwalimu alimwambia apime dirisha chafu na dirisha safi, moja baada ya jingine, anga lile lile, Jumatatu na Jumanne, aone kama anaweza kujua kwa hesabu uchafu ni kiasi gani hata asipouona. Dada akatengeneza kifuniko kidogo cha bati kilichopakwa weusi, chenye joto linalojulikana, akawa anakifunga mbele ya tundu na kukifungua. Kihisi kikiangalia kifuniko kinajua kinatakiwa kuona nini. Kikikosea, dirisha ndilo chafu, na kwa kiasi kile kile. Mie nilikatazwa kukanyaga ngazi. Siku mbili nguo alianua mama.

Jumanne jioni mama akamwita dada barazani. Mie nilikuwa naosha vyombo, dirisha liko wazi.

"Kesho huko, utawaambia?"

"Wakiuliza, mama. Na watauliza. Ndiyo kazi yao."

"Sema ni moshi wa jirani."

"Jirani hapandi juu kwetu."

"Sema anachoma taka. Si anachoma taka?"

"Taka hazinukii hivi, mama. Na hazichomwi Alhamisi na Ijumaa saa nne kamili."

Nikasikia mkasi ukikata kitu.

"Wanaume watupu huko?"

"Wengi."

"Watasema mama yake mshirikina."

"Wakisema hivyo nitawajibu."

"Usiwajibu kitu. Wewe chukua nafasi yako urudi," mama akasema.

Jumatano dada aliondoka na kifaa kwenye chombo cha chakula cha plastiki, nailoni mbili, ile safi na ile ya chai ya rangi, kila moja kwenye bahasha yake, na karatasi tatu. Mie nilikwenda shule, na kwa taarifa ya yeyote anayefuatilia mahudhurio yangu, nilikaa mpaka kipindi cha mwisho. Niliporudi saa kumi alikuwa bado hajafika. Mama alikuwa na cherehani mbele yake, uzi umepita sindanoni, hashoni.

Alifika saa kumi na moja. Alivua viatu, akanywa maji, akakaa mkekani. Mama hakumuuliza. Mie ndiye niliyeuliza, kwa kuwa sikuwa na heshima ya kupoteza.

"Wamekichukua?"

"Wamekichukua."

"Cha kwenye boksi?"

"Changu, mpuuzi wewe. Cha kwenye boksi kinakaa akiba. Changu kinakwenda kwenye majaribio ya kutikiswa na ya mahali pasipo hewa. Kikipona huko, ndio kinafungwa."

Akatusimulia. Karatasi ya kwanza, ile ya wiki tatu, mtu mmoja wa jopo aliikunjia uso. Akauliza vile vilima saba saba ni nini. Dada akajibu: mdogo wangu, kiganja, siku tisa. Wakaangaliana, na mzee mmoja, mhandisi, akayagonga kwenye meza kwa kalamu, tatu, tatu, moja, bila kuambiwa. Hiyo ilipita. Wakauliza zile ngazi. Dada akatoa bahasha mbili, akaeleza dirisha chafu na safi, na kifuniko, na hesabu iliyomwonyesha uchafu ni kiasi gani kabla hajaupima. Hapo ndipo walipokaa muda mrefu zaidi. Waliokileta cha kwenye boksi wakaulizwa, chenu dirisha likichafuka mtajuaje? Wakasema haliwezi kuchafuka. Mzee wa kalamu akaandika kitu.

"Halafu wakauliza moshi ulitoka wapi," dada akasema.

Mama alikuwa amekaa wima.

"Ukawaambia?"

"Nikawaambia ni mama yangu. Anafukiza nyumba kila Alhamisi na Ijumaa, na kifaa kilikuwa ni sehemu ya nyumba."

"Wakacheka?"

"Mmoja alitabasamu. Mwingine akaomba bahasha anuse. Ikazunguka meza nzima, mama, kila mtu ananusa."

Mama akaangalia chini, akakusanya vipande vya vitenge miguuni, akavikunja vyote vizuri kama vina kazi. Halafu akasema hivi, na nimeyaandika kama yalivyotoka:

"Ungewaambia ni ubani maka, ule wa bei. Wasije wakadhani tunachoma ule wa vumbi."